Mikono ya Kuazima

Walisema sitaweza. Baba mdogo Filiberti alilisema mbele ya watu, kwenye duka lake la vipuri vya baiskeli pale Kabanga, mimi nikiwa nimesimama mlangoni na bahasha ya stashahada yangu kwapani. "Miaka yote hiyo mjini, halafu unarudi kusuka mikeka? Shangazi yako alisuka mikeka maisha yake yote na hata darasa la kwanza hakulimaliza." Wabadilisha fedha waliokuwa wamekaa nje kwenye viti vya plastiki wakacheka, na mmoja wao, huku akiendelea kupanga faranga za Burundi kwa kidole kilicholoweshwa mate, akauliza kama huko chuoni kulikuwa na mtihani wa kukaa kitako. Walisema nitafunga kazi kabla mvua hazijakatika. Walisema hakuna baba atakayemwoza binti yake kwa mwanamume anayefanya kazi za wanawake. Walisema ile bahasha nitakuja kuifungia karanga. Ninayaandika maneno yao bila kuyapunguza kwa sababu wengi wao wapo hai, na leo wakipita mbele ya karakana yangu, yenye bati la rangi na madirisha ya vioo, na mazulia yanayokwenda mpaka Mwanza na Dodoma, wananisalimu kabla sijawasalimu. Aliyenidharau siku zile na aje anionyeshe alichojenga yeye.

Hata hivyo si wao walionifanya nikae kuandika sura hii. Ni mazishi ya Salvatori. Tulimzika mwezi uliopita Nyabusozi, upande wa Biharamulo, pembeni ya shamba la mihogo la familia yake, manyunyu yakitudondokea. Mwenyekiti wa kitongoji alisema marehemu alikuwa fundi mkubwa wa mikeka katika wilaya zetu mbili. Katekista akasema mikono yake ilikuwa imebarikiwa. Msemaji wa familia akasema ni yeye Salvatori aliyeliokoa lile ua la zamani linalosukwa kwenye mikeka ya Ngara lisipotee. Nilikuwa nimesimama nyuma, karibu na nguzo ya turubai, suti yangu safi kuliko za wote waliokuwapo, nikisubiri jina langu litajwe. Halikutajwa. Nilitoka Kabanga alfajiri kwenda kumzika mtu, na mahali pa machozi nikakikuta kitu kile kile nilichokuwa nacho kifuani nikiwa kijana: wivu, mbichi kabisa, kana kwamba haukuwahi kulala hata siku moja. Nilimwonea wivu mtu aliyekwisha kufunikwa udongo. Adela, mjane wake, alinipa mkono akasema tu, "Diploma, umekuja," kwa sauti ile ile, na mwaka ule wote ukanirudia.

Chumba changu cha kwanza cha kazi kilikuwa nyuma ya nyumba ya Mama Joselina, mwanamke aliyekuwa akivusha nyanya na vitunguu kwenda Burundi na kurudi na mawese. Kabla yangu chumba kilikuwa stoo ya dagaa. Nilisugua kuta kwa sabuni na majivu, nikapaka chokaa, nikafukiza majani ya mkaratusi, na bado kila zulia nililolifuma mwezi wa kwanza lilinuka mboga. Mteja mmoja alilinusa, akaniuliza kama analipika kwanza au analitandika hivyo hivyo. Humo ndimo nilimoweka kitanda changu cha mfumi, nilichochongewa na seremala wa madawati kwa mchoro wa mkono wangu mwenyewe, na watoto wa jirani wakawa wanakuja kuchungulia wakidhani ni kitanda cha kulalia wagonjwa. Nilifuma kwa nyuzi za katani, za mtande zikitangulia kutandwa na za mshindio zikizikata, mazulia bapa yasiyo na manyoya, ya kutandika na kukung'uta. Nilichagua mistari ya kahawia na nyeupe. Kazi ilikuwa imenyooka. Nasema imenyooka kwa sababu nimeyaona mazulia mengi tangu hapo, na yale ya chumba cha dagaa bado siyaonei aibu. Ila hayakununuliwa. Yalikaa yamekunjwa ukutani kama wagonjwa wanaosubiri kuitwa.

Aliyenitoa humo ni Bwana Hamisi, mfanyabiashara wa Biharamulo aliyekuwa akijenga nyumba ya wageni karibu na stendi. Alikuja Kabanga kwa shughuli zake, mtu akamwonyesha chumba changu. Alilitandika zulia moja uani, akavua kandambili, akalikanyaga kwa miguu mitupu, akatembea huku na huku kama anayepima kiwanja. "Kijana, kazi unaiweza," alisema. "Lakini mistari hii naipata Mwanza, tena kwa bei ya kutupa. Nataka mgeni wangu akishusha mguu kitandani ajue amefika huku kwetu. Kuna mama mmoja Kibimba, anaitwa Veneranda. Anasuka lile ua la zamani. Nenda ukajifunze." Nilipokuwa nashukuru akanyanyua kidole. "Sijamaliza. Yupo kijana wa kwetu Nyabusozi yuko huko kwake tayari, naye nimemwambia. Nileteeni kila mtu moja. Litakalonipendeza, huyo atafanya vyumba vyote." Vyumba vyote! Nilijua maana yake. Nikipata kazi ile, karakana inasimama na midomo ya Kabanga inafungwa. Nikiikosa, narudi kwa Baba mdogo kuziba pancha za baiskeli. Na tayari, kabla sijamwona wala kujua jina lake, nilikuwa namchukia huyo kijana wa Nyabusozi aliyetangulia.

Nyumba ya Mama Veneranda ilikuwa ya matofali ya kuchoma, katikati ya migomba, sakafu yake ya udongo imesiribwa vizuri hata ikang'aa. Ukutani kulikuwa na picha ya Bikira Maria na rozari imening'inia msumarini. Chini ya picha hiyo, kwenye kona, kulisimama kirago, mkeka mnene wa mafunjo, kilichokunjwa na kufungwa kwa kamba ya mgomba, na niliona jinsi kila aliyepita alivyokizunguka kwa adabu, kama mtu anayempisha mzee njiani. "Shikamoo, mama," nilisema. "Marahaba, mwana wanje," alijibu, yaani mwanangu. "Wewe ndiye wa diploma?" "Ndiye mimi." Alinitazama kuanzia viatu kupanda juu. "Mbona umekonda hivyo? Huko kwenye diploma hawali?" Uani mtu akacheka. Ndipo nilipomwona Salvatori kwa mara ya kwanza, ameketi chini kifua wazi, miguu ameinyoosha, mafunjo yaliyolowekwa yamemzunguka pande zote. Alikuwa na meno meupe, na mabega ya mtu aliyebeba mizigo tangu utotoni. "Karibu, Diploma!" aliniita. "Vua viatu, hapa si ofisini." Jina hilo likanishika siku ile ile, na likanifuata mpaka Kabanga. Hakuna hata mmoja katika nyumba ile aliyewahi kuniita kwa jina nililobatizwa.

Mama Veneranda alikifungua kile kirago siku ya tatu, baada ya kunipima kwa maswali ya kila namna. Nilipoliona ua lenyewe nywele zilinisimama. Lilikuwa safu ya maumbo meusi yenye pembe nne, yamesimama kwa ncha, kila moja limebeba jingine dogo ndani yake, na pembeni mwa kila moja vimikono viwili vimekunjwa kama vya mwanamke aliyeshika kiuno. Chuoni mwalimu wetu alituonyesha picha za mazulia bapa ya nchi za Waturuki, akatuambia kwamba umbo lile ni mwanamke, ni mama wa kale aliyeabudiwa kabla ya misikiti na makanisa, na kwamba wafumaji wa huko wameendelea kumfuma kizazi kwa kizazi bila hata kukumbuka jina lake. Nilimweleza Mama Veneranda yote hayo kwa bidii kubwa, nikichora ardhini kwa kijiti, nikitaja miji. Alisikiliza mpaka mwisho. "Ego," alisema, ndiyo ya Kihangaza. "Kwa hiyo na hao wana mama zao." Salvatori alicheka mpaka akalala chali. Adela, binti wa mwisho wa Mama Veneranda, aliyekuwa amerudi nyumbani na mtoto baada ya mume kumtoroka, alicheka pia akiwa ameziba mdomo kwa kanga. Nilicheka nao. Lakini niliona kwamba kabla ya kucheka alimtazama kwanza Salvatori.

Lile ua waliliita Tumbo la Bibi, na kila umbo moja la ua hilo waliliita tumbo. Huyo Bibi, Mama Veneranda alinieleza akiwa ameshusha sauti, ndiye yule ambaye watu wa Karagwe na wa ng'ambo ya mto Kagera walimwita Nyabingi, mwenye mvua, mwenye uzazi, mwenye kusikia wanawake kabla hawajafika mapadre. Alilisema hilo huku vidole vikicheza na rozari, na sikuona alipohangaika kuwachagua, huyu au yule. "Huyu ni mama wa Mungu, namwomba," alisema akionyesha picha. "Yule ni mgeni wa zamani. Mgeni hafukuzwi, anapewa pa kukaa." Kirago kile kilikuwa ndicho kiti chake. Na kulisuka tumbo lake kulikuwa na sharti moja ambalo wanawake wa ukoo ule hawakulivunja: yeyote anaweza kusuka, hata mwanamume, ila unyuzi wa mwisho, ule unaolifunga tumbo, lazima uwekwe na mkono wa mwanamke aliyezaa. Kama huna mkono huo nyumbani, unauazima. Na mkono ulioazimwa haulipwi pesa. "Ukimpa pesa umemnunua," alisema. "Unamfanyia kazi. Kazi anaichagua yeye, na siku anaichagua yeye." Nimeishi na watu wenye shahada kubwa kubwa, nimekaa nao mezani, na bado sijasikia namna ya kukopa yenye heshima kuliko hiyo.

Nilikaa kwenye nyumba ile miezi mingi, nikilala stoo kati ya magunia ya maharage, nikirudi Kabanga mwisho wa juma kuangalia chumba changu. Nilijifunza kukausha mafunjo kivulini yasipasuke, na kuchemsha maua ya mgomba pamoja na tope la bondeni mpaka yatoe ule weusi usiotoka. Nilijifunza haraka, Mama Veneranda mwenyewe alikiri. Kilichonila ni mambo mengine. Wakati wa chakula mimi nililetewa sahani yenye kifuniko, na maji ya kunawa, na kijiko. Salvatori alikula nao jikoni kutoka chungu kimoja, mikono yao ikigongana juu ya ugali wa muhogo na kisamvu, na Adela alimkwangulia ukoko kwa sababu aliupenda. Nilikuwa nasikia kicheko chao kupitia ukutani huku natafuna peke yangu kwa heshima zote. Mtoto wa Adela aliniamkia mimi, lakini alimpanda Salvatori mgongoni. Mama Veneranda aliniuliza mimi habari za Dar es Salaam, lakini akiwa na kiuno kinachouma alimwita yeye amshike mkono. Watu hudhani wivu ni kutaka alichonacho mwenzako. Mimi nilikuwa na stashahada, nilikuwa na kitanda cha mfumi, nilikuwa na mipango. Yeye alikuwa na baiskeli isiyo na breki. Nilichotaka ni kusahaulika kama alivyosahaulika yeye, hata wasikumbuke kuniletea kijiko.

Siku moja mchana, Mama Veneranda na Adela walikuwa wakipukuchua maharage chini ya dirisha la stoo, nami nilikuwa nimejilaza ndani na homa kidogo. Walidhani nimeshuka bondeni. "Huyu wa Nyabusozi anataka kusema jambo," alisema mama. "Naona koo linamwasha." "Mwache limwashe," alisema Adela. "Na Diploma?" mama aliuliza. Nilisikia maganda yakivunjika. "Diploma ni mgeni mzuri," alisema Adela. "Sijakuuliza kuhusu ugeni." "Nami nimekujibu, mama." Mama Veneranda alicheka taratibu. "Maskini. Ana maneno mengi mazuri." "Anayo. Anamwambia kila mtu, hata mbuzi." Nilibaki nimelala natazama paa. Hadi leo nikisikia maharage yakipukuchuliwa nahama mahali.

Ulipofika wakati wa kusuka la kupeleka Biharamulo, nilimfuata Adela kisimani. Nilimwambia nahitaji mkono wake, aje Kabanga akae kando ya kitanda changu cha mfumi. "Salvatori ameniomba kabla yako," alisema. "Kila tumbo?" "Kila tumbo." Nilimwendea mama yake. Akaniambia macho yake yamekwisha, na vidole alivyobakiza amewawekea binti zake na wajukuu. Kwa hiyo kila jioni nilirudi kutoka bondeni nikawakuta Salvatori na Adela kwenye kirago chake, Salvatori anasuka, anasimama, Adela anainama na kuupitisha unyuzi wa mwisho, vichwa vyao vikiwa karibu hata kivuli chao kikawa kimoja. Hakukuwa na haraka yoyote. Mkeka wa kusukwa kwa mkono unakungoja. Unaweza kuacha tumbo wazi leo ukarudi kulifunga kesho. Kitanda cha mfumi hakina subira hiyo. Mshindio ukishapigwa huwezi kuacha tundu nyuma ukasonga mbele, kwa hiyo kila tumbo likifika mwisho wake, mkono wa mama lazima uwe pale pale, ama kazi yote inasimama. Nilifunga mizigo yangu nikarudi Kabanga bila mkono wowote.

Nilitandika mtande wa katani mweupe, nikatia rangi nyeusi nyuzi za ua, nikaanza. Nilifika tumbo la kwanza asubuhi. Nikasimamisha kazi. Nikakaa kizingitini natazama wanawake wanapita na matenga kichwani kuelekea mpakani. Wengine wangefunga wenyewe kimyakimya, nani angejua? Lakini nilikuwa nimeona jinsi watu wanavyokizunguka kile kirago, na zaidi ya hapo, nisingempa Salvatori nafasi ya kusema kwamba langu si la kweli. Mama Joselina alinikuta hapo. "Diploma, nani kafa?" "Mama, nahitaji mkono wako." Alishusha tenga. "Mkono wangu? Wa ndoa au wa kazi? Maana wa ndoa ulishachukuliwa, na aliyeuchukua anajuta." Nilimweleza yote, sharti lile na malipo yake. Alinisikiliza, akafuta mikono kwenye kitenge, akaingia. Nilimwonyesha mahali. Aliupitisha unyuzi polepole, ulimi umetoka pembeni kama mtoto anayejifunza kuandika, akauvuta, akalipapasa tumbo lile kwa kiganja. Kisha akasema neno moja kwa Kihangaza ambalo sikulisikia vizuri na ambalo hakukubali kulirudia.

Kufikia siku ya soko habari ilikuwa imeenea stendi nzima. Walikuja kwanza kwa kucheka, wauza ndizi, wauza dagaa, mama wa chapati, wanawake wale wale waliokuwa wakiniuliza siku zote kama nimeshauza hata zulia moja. Walikaa kizingitini wakisubiri tumbo lao lifike, wakipumzika, wakitetana. "Hili ni langu! Wewe umefunga jana." "La jana lilikuwa dogo." "Ndiyo saizi yako." Mke wa katekista wa Kabanga alikuja pia, akasimama mlangoni hataki kuingia wala kuondoka. "Si mambo ya mizimu haya?" aliuliza. Mama Joselina akamjibu bila kugeuka: "Siku nilipojifungua kwenye banda la forodha, mvua inanyesha, nilimwita Maria, nikamwita mama yangu, nikamwita kila mwanamke aliyewahi kuzaa duniani. Sikuuliza nani kaja." Mke wa katekista alivua kandambili akaingia, na tumbo alilolifunga ndilo lililonyooka kuliko yote. Nami nilifuma. Lazima niseme kweli kuhusu kilichonisukuma, kwa kuwa vijana wa karakana yangu huniuliza bidii ile niliitoa wapi: niliitoa kwenye kile kivuli kimoja cha Kibimba. Kila nilipoupiga mshindio niliwaona wameinama pamoja, nikapiga tena. Wivu uliniamsha mapema na ukanitoa usingizi wa mchana. Ulinifanyia kazi kuliko kibarua yeyote niliyewahi kumwajiri.

Adela mwenyewe alikuja mara moja. Alileta ndizi sokoni Kabanga, akaja kuchungulia. Alisimama nyuma yangu, na nilijua ni yeye kwa harufu ya moshi wa mkaratusi kwenye kanga yake. "Kumbe ni kweli," alisema. "Umewapata wote." "Sijawapata wote," nilisema. Kulikuwa na tumbo limefika, na Mama Joselina alikuwa ng'ambo. Adela alilitazama, akanitazama. Akapiga magoti kando yangu akaupitisha unyuzi. Alifanya kwa wepesi, kama mtu anayefunga kifungo cha mtoto wake. "Basi nami nimekuazima mkono," alisema akiinuka. "Nitadai." "Dai chochote." "Nimesema nitadai, sijasema nini." Alicheka, akaenda kuuza ndizi zake. Nilikaa siku nzima sikufuma hata mstari mmoja. Kama kuna siku katika maisha yangu niliyoamini kwamba nimemshinda Salvatori kwa kila jambo, ni ile.

Tulikutana Biharamulo kwenye veranda ya nyumba ya wageni ambayo bado ilinuka rangi. Salvatori alikuwa amebeba kirago chake begani, mimi zulia langu limefungwa kwa gazeti. Bwana Hamisi alivitandika vyote viwili kando kwa kando, akavua kandambili kama kawaida yake. Cha Salvatori kilikuwa kizuri. Sitasema kilikuwa kizuri kuliko langu, kwa sababu siamini hivyo, lakini wapakaji rangi waliacha brashi zao wakaja kukitazama. Bwana Hamisi alikikanyaga, kikalia kwa sauti ndogo ya mafunjo makavu. Akaagiza maji, akamwaga kidogo juu ya kila kimoja, akasugua kwa mguu. Zulia la katani likanywa maji likatulia. Kirago kikavimba. "Wageni wanamwaga chai, wanarudi na tope," alisema kwa huruma. "Hiki ni cha kuheshimiwa. Hili ni la kukanyagwa. Nami nataka la kukanyagwa." Akanipa mkono. Vyumba vyote! Nilimgeukia Salvatori. Nilikuwa nimesubiri miezi mingi niuone uso wake siku hiyo. Alikuwa ameinama anapapasa tumbo moja la zulia langu kwa kidole gumba. "Hili Adela alilifunga," alisema. "Naujua mkono wake." Kisha akacheka kile kicheko chake, akanipigapiga bega. "Diploma, umetushinda bwana. Twende nikununulie soda." Akaninunulia soda. Hata kushindwa alishindwa kama mtu aliyeshiba. Soda ile niliinywa nikaona chungu.

Mwaka ukageuka nami nikaanza kurudisha mikono. Mama Joselina alitaka nyumba yake ipakwe chokaa nje na ndani, nikaipaka. Mama wa chapati alitaka kuni za kupasuliwa. Wauza dagaa walichagua kulimiwa, kila mmoja na shamba lake, wengine huko juu kabisa milimani, na nililima maharage yao na mihogo yao kwa jembe la mkono, wabadilisha fedha wakinipita na pikipiki zao na kupiga honi. "Diploma! Hilo nalo lilikuwa kwenye mtihani?" Wapige tu. Nyuma yangu vitanda vya mfumi vilikuwa vimeongezeka, na vijana wawili miongoni mwa waliokuwa wakinicheka walikuwa wakinitandikia mtande. Mke wa katekista alinichelewesha kusudi, akasubiri mpaka msimu wa kupalilia ulipokuwa mkali kabisa. Nilimaliza wote. Akabaki Adela peke yake, na mimi sikumharakisha. Nilipenda kuamka nikijua kwamba kuna kitu kati yake na mimi ambacho hakijafungwa.

Alikuja mwenyewe karakanani, asubuhi ya jua kali, amevaa kitenge kipya. Alikataa kiti. "Nimekuja kudai," alisema. Nilisimama. "Salvatori amenichumbia na mama amekubali. Bwana harusi hasuki kirago cha harusi yake, ni mwiko kwetu. Mama macho hayamruhusu tena kusuka, na mtu mwingine anayelijua Tumbo la Bibi ni wewe tu." Nilisikia vitanda vya mfumi nyuma yangu vimenyamaza, vijana wametega masikio. "Cha mafunjo," alisema. "Si cha katani. Cha kukaliwa siku ile na cha kulalia siku zote." "Siku zote," nilisema. "Unaweza kukataa, Diploma. Nitaelewa." Alisema kweli, angeelewa, na Ngara nzima ingeelewa, na Baba mdogo Filiberti angeelewa kuliko wote, akawasimulia wabadilisha fedha kwamba yule kijana alikopa mkono wa mwanamke akashindwa kuurudisha. Nilimwambia aniletee vipimo.

Nilikisuka peke yangu. Sikumruhusu kijana yeyote kugusa hata funjo moja. Nilitamani kiharibike. Nilitamani mafunjo yapasuke, weusi uchuje, mistari ipinde, na vidole vyangu vilikataa. Vilikuwa vimefundishwa vizuri mno. Niliyaacha matumbo yote wazi, kama desturi ilivyo, na asubuhi ya harusi nikakipeleka Kibimba juu ya pikipiki. Mama Veneranda alikikalia sakafuni, akatafuta kila tumbo kwa ncha za vidole maana macho hayakumsaidia tena, akayafunga moja baada ya jingine, akaimba kwa sauti ya chini, wanawake wamemzunguka. Alipomaliza alinishika uso kwa mikono yake miwili. "Mwana wanje," alisema, "hata mimi sikuwahi kusuka hivi." Wakaniambia nikitandike mwenyewe, kwa kuwa ndimi niliyekisuka. Nikakitandika. Adela alitoka chumbani ameshikwa huku na huku na mashangazi, akaketi upande mmoja, akalainisha kitenge chake, akaacha nafasi. Salvatori alivua viatu vyake vipya vilivyokuwa vinambana, akaijaza ile nafasi. Wanawake wakapiga vigelegele. "Deni limekwisha," Adela aliniambia akiwa ameinua uso, na alikuwa anatabasamu kwa furaha ya kweli, kwa ajili yangu pia. Nilitoka uani nikiwa sidaiwi mkono na mwanamke yeyote wa Ngara wala Biharamulo, mtu huru kabisa, na ningeitoa karakana yote pamoja na bati lake ili mkono ule mmoja tu ubaki haujarudishwa.